Mjapani aliyeufuata moshi hadi Uskoti

Sisi watu wa mwambao hatuhitaji kufundishwa habari za moshi. Nguo zetu hufukizwa udi kabla ya harusi, nyumba zetu hutiwa ubani jioni za Alhamisi, na bibi zetu walikuwa wakimtambua mgeni aliyepita ukumbini kwa harufu aliyoiacha nyuma, hata kabla hawajaambiwa ni nani. Kwa hivyo msomaji wangu asione ajabu nikimletea leo habari za mtu aliyeishi miaka 85, na sehemu kubwa ya miaka hiyo akaitumia katika ushindani juu ya moshi: uwe mwingi kiasi gani, ubakishwe au uondolewe, na ni nani mwenye haki ya kusema kuwa sasa basi, umetosha.

Atakachokiona ajabu labda ni kuwa moshi wenyewe ulikuwa ndani ya wiski.

Nalitanguliza hilo mapema ili tusifichane. Kileo ni kileo, na hukumu yake kwetu anaijua hata mtoto wa chuoni. Kalamu hii sikuishika ili nimtie mtu kiu, wala mimi mwenyewe sijapata kukionja kinywaji hicho. Lakini tangu lini mtunzi akaacha kusikiliza habari za fundi eti kwa kuwa hanunui bidhaa yake? Abunuwasi tunayewasimulia watoto visa vyake alikuwa, katika historia, mshairi wa Baghdad aliyevuma kwa tungo zake za mvinyo, na hakuna aliyetukataza kucheka. Basi na huyu tumpe haki yake kama mtu aliyeijua kazi.

Jina lake ni Masataka Taketsuru. Alizaliwa tarehe 20 Juni, 1894, katika mji wa Takehara, jimbo la Hiroshima, nchini Japani. Takehara ni mji wa pwani uliokuwa ukijulikana kwa chumvi ya bahari, na ukoo wake ulikuwa miongoni mwa koo za chumvi kabla ya kuingia katika utengenezaji wa sake, kile kileo cha mchele cha Wajapani. Kazi hiyo waliianza mwaka 1733, na hata leo jina la ukoo bado liko kwenye chupa za mji ule. Kijana alizaliwa, kwa hiyo, ndani ya harufu ya mchele na hamira, na kwa kuwa ndugu zake wakubwa hawakuvutwa na kazi ya nyumbani, wazee walimtazamia yeye kuirithi.

Kuna jambo moja la utotoni ambalo mwenyewe alipenda kulisimulia. Alipokuwa mdogo alianguka ngazini akaumia pua vibaya, ikashonwa. Jeraha lilipopona akajikuta ananusa vitu ambavyo wenziwe hawavinusi. Mimi si tabibu na sitathubutu kusema kama pua iliyoshonwa hunusa zaidi, ila najua kwamba mtu akishaamini kuwa amepewa kipaji, hukitunza; na pua hii aliitunza.

Aliingia shule ya ufundi ya Osaka kusomea elimu ya uchachushaji, na mwaka 1916 akaajiriwa na kampuni ya Settsu Shuzo ya mjini humo. Hapo ndipo alipokutana na wiski, au tuseme alikutana na kivuli chake. Wakati ule Japani haikuwa na wiski ya kweli iliyotengenezwa nchini. Kilichokuwako ni spiriti tupu iliyotiwa rangi, sukari na manukato, ikabandikwa karatasi yenye herufi za Kizungu. Sisi tumeona uturi wa namna hiyo sokoni: maji ya rangi ndani ya chupa nzuri, na muuzaji anayekuapia kuwa ni wa Maka. Wakuu wa Settsu walijua kuwa mchezo huo hautadumu, wakaamua kumtuma mtu aende akajifunze kitu chenyewe kwa wenyewe. Walimchagua kijana huyu wa miaka 24.

Aliondoka bandari ya Kobe mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa havijesha. Alipitia Marekani, akakaa kidogo California kutazama kazi ya mvinyo, kisha akavuka Atlantiki, na Desemba mwaka huohuo akaingia Glasgow, Uskoti. Alijiandikisha kusoma kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Lakini mara moja aliona kuwa darasani hapatamfikisha. Kazi aliyoitaka iko mikononi mwa watu, na mikono haiandikwi ubaoni. Alikuwa na kitabu kikubwa cha mtaalamu mmoja aitwaye Nettleton juu ya utengenezaji wa spiriti, akakisoma mpaka kikachakaa. Akamfuata mwenyewe Nettleton katika mji wa Elgin ili amfundishe. Ada aliyotajiwa ilimshinda. Akapanda garimoshi, akawa anabisha hodi kiwanda kwa kiwanda, anaomba kufanya kazi bila ya mshahara.

Hapo ndipo panaponivutia mimi katika maisha yake. Fikiri kidogo: mgeni, sura yake haijapata kuonekana katika vijiji vile, Kiingereza chake cha vitabuni, anasimama mlangoni anaomba aonyeshwe siri ya riziki ya wenyeji. Mwezi wa Aprili 1919 kiwanda cha Longmorn kilimkubali kwa muda mfupi tu, siku tano. Siku tano! Mwanagenzi wetu wa useremala Lamu hukaa miezi akiokota mabaki ya mbao kabla hajaruhusiwa kushika patasi. Yeye alizitumia siku hizo kwa kuuliza na kuandika. Baadaye alikwenda Bo'ness kujifunza namna ya kukeneka nafaka kwa mitambo mirefu iendayo mfululizo, na mwaka 1920 akapata mahali alipotulia zaidi, kiwanda cha Hazelburn katika mji wa bandari wa Campbeltown, chini ya meneja Peter Innes. Huko alikaa miezi kadhaa, akajaza madaftari mawili kwa kalamu ya wino: michoro ya vyungu vya shaba, vipimo vya moto, idadi ya saa, gharama za kila kitu, hata mishahara ya vibarua na hali ya maisha yao.

Ni nini hasa alichokuwa akikiandika? Niruhusu nikieleze kwa ufupi, maana bila ya kukielewa, ugomvi uliokuja baadaye hautaeleweka.

Shayiri huloweshwa majini, ikatandazwa sakafuni mpaka ikaanza kuchipua. Hiyo ndiyo kimea. Kimea lazima kikaushwe ili kisiendelee kuota, na Waskoti, katika nchi yao ya baridi isiyo na miti mingi, walikuwa na kuni za namna yao. Ni udongo mweusi wa kwenye vinamasi, uliofanyika kwa majani na mizizi iliyolala majini maelfu ya miaka, nao huchongwa kwa jembe jembamba vipande kama matofali, ukaanikwa, ukawa nishati. Wao huuita piti. Piti haiwaki kwa ndimi za moto, inafukiza. Moshi wake hupanda ukapenya ndani ya kimea kilichotandazwa juu ya tanuri, na harufu hiyo haitoki tena: haioshwi na maji, haifi katika hamira, na hata kinywaji kinapokenekwa mara mbili kwenye vyungu vya shaba, hupanda pamoja na mvuke ikashuka pamoja na matone. Wapo wanaosema inanukia kama mwani uliochomwa ufuoni, wengine kama dawa ya hospitali, wengine kama samaki wa kukaushwa motoni. Anayeizoea, nasikia, huiona tamu. Asiyeizoea hudhani nyumba inaungua.

Kitokacho kwenye chungu cha shaba ni cheupe kama maji na ni kikali. Hapo ndipo mapipa yanapoingia. Sheria ya Uingereza iliyowekwa wakati wa vita vile ilitaka kileo hicho kilale ndani ya pipa miaka 3 kwa uchache, na wengi hukilaza 10 au zaidi. Pipa ni la mti wa mwaloni, na mara nyingi huwa limekwisha kubeba kitu kingine kabla yake. Waingereza walikuwa wakinunua kwa wingi mvinyo wa Kihispania uitwao sheri, ukija melini kwa mapipa. Mvinyo ukishatiwa chupani, pipa hubaki bandarini halina kazi, na Mskoti, ambaye si mtu wa kutupa kitu, akalinunua kwa bei ya chini. Akaja kuona kwamba lile pipa la zamani linampa kinywaji chake rangi ya hudhurungi na ladha ya zabibu kavu, tende na karanga. Moshi wa piti ukikutana na utamu huo wa pipa, waonjaji husema pana vita na suluhu ndani ya gilasi moja. Hivyo ndivyo wanavyosema. Mimi naelewa kwa njia ya udi na halua vikiwa ndani ya chumba kimoja.

Na hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu ya sisi tuliosoma chuoni. Sheri ni jina la mji, Jerez, ulioko kusini mwa Hispania. Waarabu waliokuwa wakiutawala mpaka mwaka 1264 waliuita Sherish, na Waingereza wakakosea kulitamka. Chungu cha kukenekea, kwa lugha nyingi za Ulaya, kinaitwa kwa neno lililotoka kwenye Kiarabu, al-anbiq, kwani mafundi wa Kiislamu walikitumia kwa marashi na madawa. Hata lile neno alkoholi asili yake ni al-kuhl, ambayo ni wanja. Wanja huu huu wa machoni! Maneno husafiri kuliko watu, na yakifika ugenini huvaa nguo ambazo wazazi wao hawangeziruhusu nyumbani.

Kila mwaka sehemu ya kileo, kama asilimia 2 hivi kule Uskoti, hupenya kwenye mbao ikapotelea hewani. Waskoti huiita fungu la malaika. Ni malaika gani hao, watajijua wenyewe.

Turudi kwa kijana wetu. Huko Uskoti hakuokota elimu peke yake. Dada mmoja aliyekuwa akisoma Glasgow alimkaribisha kwao Kirkintilloch, mji mdogo karibu na hapo, ili amfundishe judo mdogo wake wa kiume. Katika nyumba hiyo alikuwamo binti mwingine, Jessie Roberta Cowan, ambaye watu wote walimwita Rita. Alikuwa mtoto wa daktari. Wawili hao walipendana, na pande zote mbili zikakataa. Kwao Rita hawakutaka mkwe kutoka mwisho wa dunia, na kwao Masataka hawakutaka mke wa Kizungu kwa mrithi wa nyumba ya sake. Waliozana tarehe 8 Januari, 1920, ofisini kwa msajili mjini Glasgow, bila ya ngoma wala karamu. Inasimuliwa kuwa Masataka alikuwa tayari kubaki Uskoti kwa ajili yake, na kuwa ni Rita aliyemwambia kwamba ndoto yake iko Japani na huko ndiko watakakokwenda. Maisha yao ya baadaye yananifanya niamini.

Walifika Japani mwishoni mwa 1920, mume ana madaftari yake mawili, mke hana hata neno moja la Kijapani. Na hapo mambo yakaharibika. Biashara ilikuwa imeanguka baada ya vita, na Settsu Shuzo haikuwa na fedha za kujengea kiwanda cha kitu ambacho kitauzwa baada ya miaka kumi. Taarifa aliyoileta iliwekwa kando. Wakamtaka arudi kwenye spiriti ya kupaka rangi. Mwaka 1922 alijiuzulu. Mtu aliyekwenda nusu ya dunia kutafuta ufundi akawa mwalimu wa kemia katika shule ya wavulana ya Osaka, na mkewe akifundisha Kiingereza na piano ili chungu kikae jikoni.

Aliyemtoa huko ni Shinjiro Torii, na mtu huyu lazima tumweleze kwa haki, kwa kuwa wengi wanaomsifu Taketsuru humfanya Torii kuwa adui wa hadithi. Hakuwa hivyo. Torii alikuwa mfanyabiashara wa Osaka aliyetajirika kwa mvinyo mwekundu mtamu alioanza kuuuza mwaka 1907, ambao aliurekebisha mpaka ukakubaliana na kinywa cha Mjapani. Fedha za mvinyo huo ndizo alizotaka kuziweka katika wiski, na washauri wake wakimwambia ni wazimu. Alipotafuta mtaalamu kutoka Uskoti aliambiwa kuwa mtaalamu yupo hapohapo Osaka, anasomesha watoto. Mwaka 1923 walifunga mkataba wa miaka 10, kwa mshahara wa yeni 4,000 kwa mwaka, ambao kwa siku zile ulikuwa wa kumleta bingwa wa kigeni.

Kiwanda kilijengwa Yamazaki, baina ya Kyoto na Osaka, mahali ambapo maji yake yalisifiwa tangu zama za mabingwa wa chai. Taketsuru alitamani kaskazini, Hokkaido, kwenye baridi na vinamasi kama vya Uskoti. Torii alitaka kuwa karibu na wanunuzi. Mwenye fedha ndiye aliyeshinda. Mwishoni mwa 1924 moto ukawashwa, na husimuliwa kuwa wanakijiji, wakiona shayiri inaingia kila siku na hakuna kinachotoka, walisema ndani yake kuna zimwi lililaji shayiri.

Kwa miaka mitano zimwi hilo lilikula. Mwaka 1929 ndipo chupa za kwanza zilipotoka, zikiwa na karatasi nyeupe. Taketsuru alikuwa ametengeneza kama alivyofundishwa: kimea kimefukizwa barabara, moshi haukufichwa. Wajapani wakaonja wakatema. Walisema inanuka kuungua. Watu waliozoea sake, kileo laini kinachokaa pamoja na samaki mbichi na wali, waliletewa kinamasi cha Uskoti katika kikombe. Hasara ikawa kubwa, na mwaka 1931 kiwanda kikasimama kukeneka kwa kukosa fedha.

Hapo ndipo kiini cha mambo. Torii akasema: tupunguze moshi. Taketsuru akasema: tusubiri watu wajifunze, na mapipa yakue. Nani alikuwa na haki? Nimelifikiri sana suala hili, kwa kuwa sisi washairi tunalo lile lile. Wako wanaosema shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na anayelilegeza ili vijana walipende amelikata kichwa. Wako wanaosema utungo usiosomwa ni maiti. Mimi, ambaye nimetunga kwa vina maisha yangu yote, moyo wangu uko kwa Taketsuru. Lakini siwezi kuukana ukweli kuwa Torii alikuwa akilipa mishahara ya watu. Naye Torii hakuwa mvivu: alikaa miaka akichanganya na kunusa mpaka mwaka 1937 akatoa wiski nyepesi katika chupa ya pembe nne, nayo ikapendwa, na mpaka leo inauzwa. Kampuni yake ndiyo hii iitwayo Suntory.

Lakini Taketsuru hakuwapo kuona hilo. Torii alikuwa amemhamisha kwenye kiwanda cha bia cha Yokohama, na kiwanda hicho nacho kikauzwa. Mkataba wa miaka 10 ulipotimia aliondoka. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 40, alikwenda kule alikokutaka tangu mwanzo: Yoichi, kijimji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Hokkaido, kuna theluji, kuna upepo wa bahari, kuna piti ardhini. Hakuwa na wiski ya kuuza, na wiski haiharakishwi. Basi alianzisha kampuni ya maji ya matufaha. Ndiyo, matufaha, maji halali kabisa. Wakulima wa huko walikuwa nayo mengi, naye akayakamua, akayatia chupani, akayauza kwa bei iliyowashinda wengi, kwa kuwa hakukubali kuyachanganya na maji. Hata katika tufaha alikuwa mtu yuleyule.

Mwaka 1936 alianza kukeneka kwa chungu kimoja tu cha shaba, kilichowashwa moto wa makaa ya mawe kwa sepetu, kama alivyoona Uskoti. Chupa ya kwanza ilitoka mwaka 1940. Aliiita Nikka, jina lililofupishwa kutoka kwa ile kampuni ya maji ya matunda.

Hakubahatika hata kuitangaza. Vita vilikuwa vimekwisha bisha hodi, na jeshi la majini likaichukua wiski yake yote. Kibiashara hiyo ilikuwa nusura, maana alipewa shayiri wakati watu hawana wali. Nyumbani ilikuwa adhabu. Rita, aliyekuwa amekwisha kuwa raia wa Japani, aliyekula walichokula, aliyevaa kimono na kutia achari mboga kama wakwe zake, akawa adui kwa sababu ya rangi ya macho yake. Polisi wa siri walimfuata kila aendako. Walidhani anapeleka habari kwa meli za Uingereza. Nasoma habari hizi nawakumbuka wake wote wa kigeni walioolewa katika miji yetu, waliokaa miaka 40 na bado wakaitwa wageni. Rita alivumilia. Hakuzaa, walilea mtoto wa kike, Rima, na baadaye mpwa wa mumewe, Takeshi, akawa mtoto wao na mrithi wa kazi.

Baada ya vita Japani ilikuwa maskini, na soko likajaa wiski ya daraja la tatu, ambayo sheria iliruhusu iwe na chini ya asilimia 5 ya wiski yenyewe. Iliyobaki ni spiriti. Yaani dunia ilimzungusha ikamrudisha kwenye mlango wa Settsu. Alikataa kwa muda. Kampuni ikakaribia kuzama, wafanyakazi wana watoto, na mwishowe mwaka 1950 akakubali kuitengeneza, ila akaitia wiski ya kweli mpaka ukingoni mwa kile sheria ilichoruhusu, na rangi za kubandika akazikataa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa, akadaiwa, na bado maji aliyatia kwa kinyongo.

Nimesema mengi juu ya kuonja, na pengine msomaji anadhani mtu huyu alikuwa akishinda analewa. Kazi ya mchanganyaji haiko hivyo. Hufanywa kwa pua zaidi kuliko kwa ulimi. Kileo hupunguzwa kwa maji ili makali yake yasiziue harufu, kikatiwa katika gilasi yenye mdomo mwembamba, na mtu akanusa, akaandika, akasogeza, akanusa nyingine; na akionja, hutema. Hufanya hivyo kwa pipa baada ya pipa, kwani mapipa mawili yaliyojazwa siku moja, yakalazwa bega kwa bega, hayafanani baada ya miaka 10. Hili lililobeba sheri limekuwa tamu, lile jipya limekuwa la ukali wa mbao, na moshi umetulia katika moja na kupiga kelele katika jingine. Muuza uturi wa Mombasa anayechanganya asumini na udi na miski angeielewa kazi hiyo bila ya mkalimani. Hanywi uturi wake.

Rita alifariki Januari 1961, akiwa na miaka 64. Taketsuru alijifungia chumbani, akashindwa hata kwenda kwenye mazishi. Kisha yeye na Takeshi wakaingia kwenye kazi ya kuchanganya, na mwaka 1962 wakatoa wiski waliyoiita Super Nikka, ambayo watu wa Japani huihesabu kuwa ni maombolezo yake kwa mkewe. Mwanamume wa namna yetu angetunga utenzi. Yeye lugha yake ilikuwa hiyo.

Uzeeni alifanya jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, nami naliona ni kubwa. Alitafuta ulaini. Mwaka 1963 alileta kutoka Uskoti mtambo mrefu wa nafaka, wa namna aliyoiona kijana kule Bo'ness, unaotoa kileo chepesi cha kuchanganyia. Mwaka 1969 akafungua kiwanda cha pili karibu na Sendai, ndani ya bonde lenye mito miwili na ukungu, ili kitoe wiski ya upole kinyume na ile ya Yoichi. Je, hatimaye alimkubalia Torii? Sidhani. Yoichi hakuigusa; moto wa makaa uliendelea, na moshi wake ukabaki. Alichokifanya ni kuzipa sauti zote mbili nyumba zake, kila moja mbali na mwenziwe, badala ya kuinyamazisha moja.

Alifariki tarehe 29 Agosti, 1979, akazikwa kando ya Rita, kwenye kilima kinachoitazama Yoichi. Mwaka 2001, wiski ya Yoichi ya miaka 10 iliwekwa mbele ya waonjaji wa nchi mbalimbali na jarida moja la Uingereza la mambo ya wiski, nayo ikachukua nafasi ya kwanza kuliko zote, za Uskoti zikiwamo.

Na yale madaftari? Yana kisa chao. Bosi wake wa zamani pale Settsu, Kiichiro Iwai, ambaye ndiye aliyekabidhiwa taarifa ile iliyowekwa kando, aliitumia uzeeni mwake, mwaka 1960, kumjengea mtu mwingine kiwanda cha tatu. Kwa hiyo taarifa ya mwanagenzi mmoja imezaa nyumba tatu zinazoshindana. Ama Hazelburn, mahali yalipoandikwa, palifungwa mwaka 1925. Campbeltown, mji uliokuwa na viwanda kama ishirini Taketsuru alipokuwa akizunguka na kalamu yake, ulibaki na viwili tu kufikia miaka ya katikati ya 1930. Mambo ambayo wazee wa pale waliyajua kwa mikono, wakafa nayo, yamehifadhiwa kwa Kijapani katika kijimji cha wavuvi cha Hokkaido. Mwaka 1989, miaka 10 baada ya kifo chake, Nikka ilikwenda Fort William, Uskoti, ikakinunua kiwanda cha Ben Nevis, kilichojengwa 1825, mapipa na yote yaliyomo.